Je, Wajua Kwa Nini Mtaa Uliopakana na Makaburi Unaitwa Bonde la Furaha?

Kiswahili kina adabu yake mbele ya kifo. Mtu akifa tunasema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Kuanzia hapo ni marehemu, yaani aliyerehemewa, na kumzika tunaita kumsitiri. Hakuna anayedanganywa na maneno hayo. Kila mtu anajua kilichotokea. Neno linatandazwa juu yake kama shuka juu ya jeneza, basi.

Hong Kong upo mtaa mzima ambao, kwa masimulizi yanayorudiwa zaidi, ulipata jina kwa njia hiyo hiyo. Kwa Kiingereza unaitwa Happy Valley, Bonde la Furaha. Uko kaskazini mwa Kisiwa cha Hong Kong, umebanwa na vilima, na katikati yake pana uwanja wa mbio za farasi unaojulikana duniani kote. Jumatano usiku taa zikiwashwa, uwanja huo hung'aa kama sinia la kijani lililowekwa chini ya maghorofa. Mgeni akiuona hudhani amelielewa jina papo hapo: watu wanashangilia, bia inamiminwa, farasi wanapita wakirusha majani kwa kwato. Furaha si ndiyo hii?

Vuka barabara moja tu, Wong Nai Chung Road, uende upande wa magharibi wa uwanja. Hapo kuna ukuta mrefu wenye malango. Waislamu wana makaburi yao, Wakatoliki wana yao, kisha yanakuja yale ya zamani ya wakoloni ambayo leo huitwa Makaburi ya Hong Kong, halafu ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta wenye asili ya Uajemi; Wahindu nao wana hekalu na sehemu yao hapo hapo. Mteremko mzima wa kilima ni misalaba, mawe na miti. Kwa hiyo swali la haki ni hili: farasi na marehemu walikutanaje katika bonde moja, na furaha ikatoka wapi?

Jibu linaanzia kwenye matope.

Kabla ya Waingereza kukikalia kisiwa hicho Januari 1841, bonde lilikuwa na jina la Kichina, Wong Nai Chung. Wong ni njano, nai ni tope, chung ni kijito: kijito cha tope la njano. Maji yalishuka kutoka vilimani yakibeba udongo, yakatanda bondeni, kisha yakapita kuelekea baharini. Wanakijiji wa Wong Nai Chung walilima mpunga humo, maana mpunga haudai ardhi kavu.

Ili kuelewa kwa nini wageni walilitamani bonde hilo, sharti ukijue kisiwa chenyewe. Hong Kong ni milima ya mawe inayoangukia baharini. Sehemu kubwa ya ardhi bapa unayoiona leo kwenye picha, iliyojaa majengo ya vioo, ni bahari iliyofukiwa kwa vifusi. Mwaka 1841 haikuwepo. Mtu aliyetafuta mahali pa tambarare pa kupiga kambi aliona pachache mno, na bonde la tope la njano lilikuwa mojawapo ya hapo. Jeshi likaweka askari. Wapo pia waliofikiri kwamba mji wa biashara ungeota humo.

Kisha homa ikaingia. Majira ya joto ya mwaka 1843 ndiyo yaliyokumbukwa kwa uchungu zaidi. Askari walikufa kwa wingi, na ugonjwa ukapewa jina la homa ya Hong Kong. Kwa namna ulivyoelezwa, wengi leo wanaamini ulikuwa malaria. Wakati huo hakuna aliyemshuku mbu. Madaktari waliamini kwamba ardhi chepechepe hutoa hewa mbaya inayowaingia watu usiku, na neno malaria lenyewe katika Kiitaliano linatokana na maana hiyo hiyo, hewa mbaya. Ilikuwa lazima kungoja hadi 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa India, aonyeshe vimelea ndani ya mwili wa mbu.

Hebu tulia kidogo hapo, maana ndipo mtaa ulipozaliwa. Wakuu wa koloni walikosea sababu lakini hawakukosea mahali. Waliona kwamba anayelala bondeni anaugua, wakakata shauri la kulikausha. Kilimo cha mpunga kikapigwa marufuku na maji yakatolewa. Wanakijiji walipoteza mashamba yao kwa amri, jambo ambalo katika masimulizi mengi ya uwanja huu hupitiwa kwa nusu sentensi, nami naona linastahili zaidi ya hapo. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa chakula cha watu.

Baada ya kukaushwa, koloni likabaki na kipande cha ardhi bapa katikati ya kisiwa kisicho na ardhi bapa, na hakuna aliyetaka kujenga nyumba yake hapo. Ufanye nini na mahali ambapo watu wanaogopa kulala? Mteremko wakapewa wasioogopa homa tena: makaburi ya wakoloni yalifunguliwa mwaka 1845, ya Wakatoliki yakafuata 1848, ya Waparsi 1852. Sehemu ya chini iliyo tambarare wakapewa farasi, ambao huja mchana, hukimbia, kisha watazamaji hurudi makwao kabla ya giza. Mbio za kwanza zilifanyika Desemba 1846. Waingereza wa pwani ile walikuwa wamezoea kushindanisha farasi huko Macau, koloni jirani la Wareno, na mara walipopata uwanda wao wenyewe hawakuchelewa.

Hivyo makaburi na uwanja ni mapacha, mama yao mmoja, tope. Anayesimulia kwamba uwanja wa starehe uliwekwa kando ya makaburi kwa kukosa heshima amekosea. Yote mawili yalitupwa bondeni na hofu ile ile, yakipishana mwaka mmoja tu.

Na jina? Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba Waingereza wa wakati huo walikuwa na desturi ya kupaita penye makaburi kwa jina jema, kama pumziko au raha, ili wasiseme kifo. Bonde lililomeza askari wao wakaliita la furaha. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana hapo. Na Wakantoni, yaani Wachina wenyeji wa Hong Kong, hawahitaji pia, maana lugha yao ina tabia hiyo hiyo. Neno lao la kitu kitupu hutamkwa sawa na neno la balaa, basi nyumba isiyo na mpangaji hawaiiti tupu. Kwenye matangazo ya kupangisha huandikwa nyumba ya heri.

Cha ajabu ni kwamba Wakantoni hawakulichukua jina la furaha kwa matumizi ya kila siku. Mtaa wao wanauita Pau Ma Tei: pau ni kukimbia, ma ni farasi, tei ni ardhi. Ardhi ya mbio za farasi. Waingereza waliangalia mteremko wakauficha; Wachina waliangalia tambarare wakaitaja kama ilivyo. Sijui jina lipi ni la kweli zaidi, ila nalipenda la pili kwa unyoofu wake.

Kijiji cha kale cha Wong Nai Chung hakikudumu. Miaka ya 1920 kilibomolewa ili mtaa upanuke, nyumba za kisasa zikachukua nafasi. Kilichosalia ni majina. Barabara inayozunguka uwanja bado ni ya tope la njano, na pengo la mlimani kule juu, Wong Nai Chung Gap, ni hivyo hivyo. Mtaani pia kuna Village Road, Barabara ya Kijiji, ambayo haina kijiji chochote.

Tuingie ndani ya makaburi mara moja, kwenye kaburi moja tu.

Kati ya mawe yaliyoandikwa majina ya maofisa, mabaharia, wamisionari na wafanyabiashara, kuna nguzo ya mawe iliyokatika juu. Imekatwa makusudi, ishara ya maisha yaliyokatizwa. Kwa miaka mingi haikuwa na jina lolote, ila namba: 6348. Aliyelala chini yake ni Yeung Ku-wan, mmoja wa watangulizi wa mapinduzi ya China, mshirika wa Sun Yat-sen na kwa wakati fulani mshindani wake. Januari 1901 alikuwa akijipatia riziki Hong Kong kwa kufundisha Kiingereza. Watu waliotumwa na utawala wa Qing, ukoo wa kifalme uliotawala China, wakamfuata kwenye chumba alichokuwa akifundishia, wakampiga risasi. Kaburi likaachwa bila jina. Miaka 11 baadaye utawala huo ukaanguka, Sun Yat-sen akawa rais wa muda wa jamhuri, na nguzo ikaendelea kusimama na namba yake. Kibao cha kumtaja kiliwekwa karne iliyofuata.

Kwenye makaburi ya Wakatoliki, jirani yake, maneno hayakufichwa hata kidogo. Nguzo mbili za lango zimeandikwa mistari miwili kwa Kichina, mmoja kila upande. Kwa Kiswahili ni kama hivi: leo jioni mwili wangu umerudi kwenye udongo wake, siku nyingine wako nao utakuwa vivyo hivyo. Mistari hiyo inaikabili barabara, kwa hiyo anayeelekea uwanjani na karatasi yake ya farasi mfukoni huisoma akiwa njiani.

Tarehe 26 Februari 1918, mistari hiyo ilitimia kwa namna ambayo hakuna aliyeitazamia. Ilikuwa siku ya Dabi, siku kubwa kuliko zote katika msimu wa mbio. Umati wa watazamaji, wengi wao Wachina, wanaume kwa wanawake na watoto, walijaa kwenye mabanda ya muda yaliyojengwa kwa mianzi na kuezekwa majamvi. Mabanda yalikuwa ya ghorofa, yameunganishwa mstari mmoja. Chini yake wauza vyakula waliwasha majiko yao. Banda moja lilielemewa likaporomoka, likavuta la pili, la pili likavuta la tatu, hadi safu nzima ikalala chini na watu wakiwa ndani yake. Majamvi makavu yakaangukia kwenye moto.

Mianzi huungua haraka, na wengi waliokuwa wamebanwa chini ya nguzo hawakupata njia ya kutoka. Walikufa watu wapatao 600. Wengi hawakuweza kutambulika, kwa hiyo hawakurudishwa kwa jamaa zao. Hospitali ya hisani ya Tung Wah ilishughulikia mazishi, na marehemu wakazikwa pamoja ng'ambo ya kilima, mahali paitwapo So Kon Po. Mnara wa kumbukumbu ulijengwa hapo mwaka 1922. Upo bado, umejificha nyuma ya uwanja mkubwa wa michezo wa Hong Kong, na mwaka 2015 ulitangazwa kuwa kumbukumbu ya kihistoria inayolindwa na sheria. Hadi leo moto huo ni miongoni mwa mioto iliyoua watu wengi zaidi katika historia ya Hong Kong, na ukitazama kwa makini utaona kwamba kilichoua hakikuwa mbio wala farasi. Ni ujenzi wa bei rahisi, majiko chini ya miguu ya watu, na kupangwa kwa wananchi wa kawaida kwenye majamvi wakati wakubwa walikuwa na majukwaa ya kudumu.

Mbio hazikukoma. Klabu inayoziendesha, Hong Kong Jockey Club, ilianzishwa mwaka 1884 na ipo hadi sasa. Kwa miongo mingi farasi wenyewe walikuwa wafupi wenye manyoya mengi, waliotoka nyanda za Mongolia na kusafirishwa kwa meli kutoka kaskazini mwa China. Klabu ilikuwa ya Wazungu, na Wachina waliokuwa wakijaza uwanja iliwabidi wangoje hadi miaka ya 1920 ndipo wakubaliwe uanachama. Wajapani walipoiteka Hong Kong Desemba 1941, baada ya mapigano makali pale juu kwenye pengo la Wong Nai Chung, hata wao waliziendeleza mbio chini ya utawala wao. Walibadilisha jina tu: bonde likaitwa Aoba, majani mabichi. Hilo ni jina la nne kwa bonde moja, na lilikufa pamoja na utawala uliolileta.

Mwaka 1973 uwanja ukawekewa taa na mbio za usiku zikaanza. Ukikumbuka kwamba bonde hili lilikimbiwa kwa sababu ya hewa ya usiku, unaona jinsi mambo yalivyogeuka. Mwaka 1978 ukafunguliwa uwanja wa pili, mkubwa zaidi, huko Sha Tin, nao ukachukua mbio nyingi za mwisho wa wiki. Happy Valley ukabaki na Jumatano usiku, kuanzia Septemba hadi Julai. Farasi hukimbia kufuata mwelekeo wa saa kwenye mzingo wa takriban mita 1,450, wenye kona kali kwa sababu bonde halina nafasi ya kunyooka. Wapanda farasi husema namba ya lango la kuanzia ni jambo kubwa hapa kuliko kwingi: farasi akianza nje kabisa, kona ya kwanza humla mbio. Kiingilio cha sehemu ya umma kimekuwa dola 10 za Hong Kong kwa miaka mingi, kiasi ambacho karibu kila mtu mjini anakimudu.

Kamari ni kamari, na zipo familia zilizolia kwa ajili yake. Lakini kuna jambo la kipekee katika mpango wa Hong Kong. Klabu ndiyo pekee yenye kibali cha kuendesha kamari za mbio, haina wanahisa wa kugawana faida, na baada ya kulipa washindi na kodi, kinachobaki huenda kwenye kazi za hisani. Ndiyo mlipa kodi mkubwa kuliko wote Hong Kong. Bustani ya Ocean Park iliyofunguliwa mwaka 1977 ilijengwa kwa fedha zake, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong kilichofunguliwa 1991 kilipata sehemu kubwa ya gharama za majengo kutoka huko huko. Dau lililopotezwa Jumatano usiku linaweza kurudi kama kitanda cha wagonjwa. Je, hilo linaihalalisha kamari? Kwangu, halimrudishii mtoto karo iliyochezewa. Ila linaeleza kwa nini watu wa Hong Kong wanauona uwanja kama mali yao.

Ndiyo maana pia, wakati mustakabali wa Hong Kong ulipojadiliwa kabla ya kurudishwa China mwaka 1997, ahadi iliyokaa midomoni mwa watu ilitumia farasi. Maneno hayo husemwa kuwa ni ya Deng Xiaoping, kiongozi wa China wakati huo: farasi wataendelea kukimbia, na dansi itaendelea kuchezwa. Kiongozi aliyetaka kuwaambia watu kwamba maisha yao hayatabadilika alitaja kile wanachokitazama Jumatano.

Kuishi hapo kwenyewe kukoje? Siku zisizo na mbio mtaa ni mtulivu kuliko unavyotarajia dakika chache tu kutoka kwenye msongamano wa mtaa jirani wa Causeway Bay. Nyumba zake ni za bei ya juu, ingawa wapo wanunuzi wasiotaka dirisha linalotazama makaburi. Ndani ya mzingo wa farasi kuna viwanja vya mpira wa miguu, raga na magongo vinavyotumiwa na umma, watoto wanafanya mazoezi pale pale katikati. Karibu na Village Road iko hospitali kubwa ya binafsi iliyoanza mwaka 1922 kwa jina la Yeung Wo, kwenye kiwanja kilichokuwa bustani ya burudani. Panda kidogo Shan Kwong Road utafika kwenye hekalu la Kibudha la Tung Lin Kok Yuen, lililojengwa mwaka 1935 na Clara Ho Tung, mke wa tajiri Robert Ho Tung. Nyuma ya hekalu hilo, pasipoonekana kutoka barabarani, yapo makaburi ya Wayahudi yaliyoanzishwa miaka ya 1850. Robert Ho Tung mwenyewe amelala ng'ambo, kule kwenye makaburi ya zamani, uwanja ukiwa kati yake na hekalu la mkewe.

Treni ya chini ya ardhi haifiki. Anayekwenda Happy Valley hushuka Causeway Bay akatembea, au hupanda tramu, ile ya ghorofa mbili ambayo wenyeji huiita Ding Ding kwa mlio wa kengele yake. Tramu za Hong Kong zilianza mwaka 1904, na tawi la bondeni huuzunguka uwanja polepole, upande mmoja makaburi, upande wa pili maghorofa, kisha hurudi mjini. Kibao cha mbele kimeandikwa mwisho wa safari kwa lugha mbili. Anayesoma Kiingereza anaona Bonde la Furaha. Anayesoma Kichina, akiwa kwenye kituo kile kile, anaona Ardhi ya Mbio za Farasi, na wote wawili wanapanda.